Mgongo wa Kocha Nesta

Tunduma,
Jumapili, 9 Februari 2025

Ukungu tangu alfajiri, manyunyu kidogo. Malori ya foleni ya mpakani hayaonekani, taa tu.

Mama mkubwa, shikamoo.

Unisamehe kwa kuanza na hali ya hewa. Ndivyo ninavyoanza shajara yangu kila siku, na mkono umeshazoea. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Ihanda, na kwamba mguu wa baba mkubwa Ezron umeacha kuvimba. Ningepiga simu, lakini najua masikio yako hayapokei tena simu, na sitaki kupiga kelele mambo ya ukoo wakati nyumba nzima inasikiliza.

Sisi huku hatujambo. Dina amepanda darasa la sita. Ananiita mama, kama mlivyomwagiza siku ile mliponivika shanga za marehemu dada yangu na kuninywesha maji mbele ya ukoo, mkasema Nesta amerudi. Mtaa nao umefuata. Wazee wananisalimu kwa jina lake. Juzi mama mmoja wa sokoni alinishika mkono akataka tumalize ugomvi ambao Nesta aliuanza naye mwaka juzi. Sikujua ugomvi wenyewe ni upi. Nikaomba radhi, akaridhika.

Sasa neno lililonifanya nikae kuandika.

Darasa la makocha alilolianzisha Nesta bado lipo. Ni wasichana watano. Kila mmoja ana timu yake ya watoto wa mpira wa pete kwenye mtaa wake, na Jumamosi wanakuja kwangu kujifunza. Mwalimu Andongwisye anatoka Vwawa kila mwezi kuwalea: anawatazama, anawasahihisha, anatuachia mazoezi mapya. Amesema mwisho wa Julai yeye na wenzake wa Vwawa wataamua ni viwanja vipi viendelee kuwa vya kufundishia makocha. Sharti lao ni makocha wawili wenye cheti. Zamani tulikuwa nao: Nesta na mwenzake Eva. Mimi nafanya mtihani wa cheti Julai. Bila Eva darasa hili linakufa.

Na unajua kwa nini Eva haji. Tangu mazishi mwaka jana watu wanasema yeye ndiye aliyempoteza dada. Wanasema mtu mzima hawezi kuingia mbele ya lori linalojivuta kwenye foleni, mchana kweupe, bila kufanyiwa jambo. Wanasema Eva alitaka timu. Mimi nikimtetea hawanisikii. Wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki, uliyemlea Nesta na ukanilea mimi. Neno lako moja mbele ya akina mama lingemrudisha Eva uwanjani. Naomba neno hilo.

Kuna na kitu kingine, kidogo. Unakumbuka Nesta alivyofundisha: anawapa wachezaji mgongo, anainamisha kichwa, anasikiliza miguu. Nani ametua vibaya, nani ametembea na mpira, anajua bila kutazama. Nami nasimama hivyo hivyo, na kwa kweli nasikia. Ila nasikia zaidi. Wasichana saba wa timu yangu kubwa wanakimbia nyuma yangu, nami nasikia miguu ya watu wanane. Nikigeuka, saba. Nikirudisha mgongo, wanane.

Nimekuandikia ili nimwambie mtu. Jana nililala saa saba usiku.

Mwanao,
Aida


Ihanda,
2 Machi 2025

Mwanangu Nesta,

Marahaba. Barua yako ilikaa Mlowo kwa Dennis zaidi ya wiki, gari lake lilikuwa limeharibika na yeye hakumbuki barua mpaka akute mahindi ya kupakia. Nimeipata ikinuka pumba.

Baba mkubwa wako anatembea, ila si kwa kusifiwa. Maharage tumepanda, mvua imekuwa nyingi kwenye mabonde. Kahawa imefunga vizuri, Mungu akiilinda na mvua ya mawe. Mtoto wa Samwel wa jirani amebatizwa, nilipika wali nikauunguza, wakaula.

Nimemkumbuka marehemu sana majuma haya. Krismasi ile ya mwisho aliingia bandani akamwamkia ndama, "Shikamoo baba," akidhani ni baba mkubwa wako ameinama anakamua. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Na yeye alicheka, lakini baadaye nilimwona amesimama peke yake nyuma ya banda, ameshika ukuta. Alikuwa anapenda kushika ukuta siku zile.

Hilo la miguu lisikutishe. Mtu akipewa jina la mwingine, mwenye jina huja kuona limekaaje. Mwambie akae, usimfukuze.

Wewe simama kama alivyosimama. Ulipewa shanga, jina na mtoto; na kusimama kwake pia ulipewa.

Nakutumia ndizi na mfuko wa mahindi mabichi. Msalimie Dina, mwambie asome.

Mimi mama yako mkubwa,
Leah


Tunduma,
Jumamosi, 22 Machi 2025

Asubuhi mawingu, mchana jua kali, upepo wa vumbi kutoka barabarani.

Mama mkubwa, shikamoo.

Ndizi zilifika, mahindi Dina aliyachoma yote siku moja. Asante. Nimefurahi kusikia habari za kahawa. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jina la Eva, sikuliona.

Leo Mwalimu Andongwisye alikuja. Aliwaambia wale wasichana watano kila mmoja aongoze kipindi na watoto wake huku yeye akitazama. Filimbi ikapigwa. Wote watano, kwa pamoja, wakageuka wakawapa watoto mgongo.

Mwalimu alicheka kwanza. "Nyie, mmenuna? Nani kawaudhi?"

Sekela, yule wa timu ya sokoni, akamjibu bila kugeuka, "Ndivyo Kocha Nesta alivyotufundisha, Mwalimu. Tunasikiliza miguu."

"Na macho mnayatunza kwa ajili ya harusi?"

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimesimama upande wangu, mgongo kwa timu kubwa, kichwa chini. Mama mkubwa, nilikuwa nasikiliza yule wa nane. Leo alikuwa karibu kuliko siku zote. Hatua zake zinatua polepole, kisigino kwanza, kama mtu anayepapasa ardhi kabla ya kuikanyaga. Nilimfuata yeye, nikawaacha wengine.

Tusekile, binti wa Tumpale, alipigwa kiwiko akaanguka, goti likageuka. Ni mtoto asiyelia. Miguu yake ilinyamaza tu, nikadhani amesimama kutoa pasi. Wenzake walikuwa wanakimbia juu yake, wananyang'anyana mpira. Mwalimu ndiye aliyepiga kelele. Nilipogeuka alikuwa tayari amembeba.

Mama yake alikuja. Unamjua Tumpale, sauti yake inavuka mpaka bila kibali. Alisema, "Eva hayupo na bado watoto wanaumia! Kumbe ameacha dawa yake uwanjani?"

Jioni Mwalimu alikaa nami kwenye lile gogo. Hakunifokea. Aliniuliza, "Dada yako alifundishwa na nani kugeuza mgongo?"

"Ni njia yake mwenyewe, Mwalimu."

"Mimi ndiye niliyemfundisha mpaka akapata cheti. Alikuwa anatazama mchezo mpaka anasahau kupepesa. Huu mgongo ulianza lini?"

Wewe uliyemlea ninakuuliza: kwa nini dada yangu alianza kutupa mgongo?

Goti la Tusekile limefungwa, wanasema litapona. Sitarajii kulala mapema.

Aida


Tunduma,
Pasaka, 20 Aprili 2025

Mvua imekatika. Anga safi, baridi ya kwanza.

Mama mkubwa, shikamoo, na heri ya Pasaka kwako na kwa baba mkubwa.

Hujanijibu, na Dennis anasema barua ya Machi alikupa mkononi, ukaisoma mbele yake na kuiweka chini ya kitambaa cha meza. Basi nitaandika tena, fupi.

Jana nilikuwa natoka na Dina kwenda kununua sukari. Tulipofika kwenye mtaro alinishika mkono akauweka begani kwake, akasema, "Ngazi mbili, mama." Halafu akashtuka. Nikamuuliza kwa nini amefanya hivyo. Akasema ndivyo walivyokuwa wakitembea na mama. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu darasa la tatu. Nikamuuliza mama alimwambia sababu gani. Akasema, "Alisema ni mchezo wetu wa siri, kwamba mtu wa tatu akiujua unaharibika."

Alikuwa anamsomea mama yake rangi za nguo. Alikuwa anamwambia nani anakuja kabla mtu huyo hajasalimu.

Mama mkubwa, nimemkumbuka yule ndama wako. Nimekumbuka na ule ukuta.

Sitaandika neno lenyewe mpaka uliandike wewe. Lakini ulijua.

Aida


Ihanda,
11 Mei 2025

Nesta,

Barua yako ya Pasaka niliisoma nimesimama, na sijaketi vizuri tangu siku hiyo.

Baba mkubwa hajambo. Tumeanza kuvuna mahindi. Mbwa amekufa.

Marehemu alinishika mkono hapa jikoni kwangu, akaniapisha kwa jina la mama yenu kwamba mdomo wangu hautatamka. Alisema akina mama wakijua, nani atamkabidhi binti yake? Uwanja ule ndio ulikuwa umebaki wake. Mume alikwisha kwenda zake Zambia, shamba hakuwa nalo. Nilimwambia ndiyo. Basi mdomo wangu hautatamka, wala kalamu yangu. Soma hapa uishie hapa.

Na wewe ukitamka, fikiri kwanza. Dina atakuwa mkubwa. Atatuuliza: mlijua, na bado mkamwacha avuke ile barabara peke yake? Utamjibu nini? Mimi nitamjibu nini? Watu wakisema uchawi, lawama inalala nyumba ya jirani. Ikiondoka huko itakuja kulala hapa.

Najua Eva ana watoto. Usidhani sijui.

Geuza mgongo wako ufundishe. Usiniandikie tena jambo hili.

Leah


Tunduma,
Jumapili, 8 Juni 2025

Baridi. Upepo umevuma usiku kucha, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi.

Mama mkubwa, shikamoo.

Pole kwa mbwa. Najua alikuwa anakusindikiza kisimani. Mahindi ya huku yameanza kushuka bei, Wazambia wamekuja wengi, mwambie baba mkubwa asiharakishe kuuza. Dina alikuwa wa nne darasani, ila Kiingereza kinamshinda.

Umenikataza kuandika. Naandika kukueleza nilichofanya, halafu nitanyamaza.

Nilikwenda kwa Eva. Tangu mazishi sikuwahi kuvuka kizingiti chake. Alikuwa barazani anachambua maharage. Majirani waliniona naingia, mmoja akafunga dirisha.

"Karibu kwa mchawi," alisema. "Kiti hicho hapo. Au unaogopa kitakunyonya?"

Nilikaa. Nikamwambia, "Dada Eva, ulijua Nesta haoni?"

Nimeliandika hilo neno, Mama mkubwa. Nililisema kwa mdomo wangu na sasa limekaa kwenye karatasi. Mbingu haikuanguka.

Eva aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe moja uani, akatupa la pili. "Unadhani nani alikuwa akimwambia mpira uko wapi?" alisema. "Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya goli. Nikikohoa mara moja, kulia. Mara mbili, kushoto. Mara tatu, mtu ameumia. Kikohozi changu hicho ndicho walichokuja kukiita uganga. Ati Eva alikuwa anakohoa dawa uwanjani."

"Na siku ile?"

"Siku ile niliugua. Alisema atakwenda mwenyewe, njia anaijua kwa miguu." Akatupa jiwe la tatu. "Alikuwa anaijua kweli. Foleni ya malori ndiyo iliyokuwa imehama. Walikuwa wamesambaza malori mpaka upande usio wake."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mazishini, walipoanza kumnyooshea vidole.

"Ningesema nini? Kwamba marehemu haoni na bado anafundisha watoto wenu? Wangemzika na matusi. Mimi niko hai, matusi nayaweza."

"Basi mimi nitasema," nikamwambia.

Alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Wewe? Wewe si ndiye Nesta? Walikupa jina mbele ya watu wote. Ukisimama pale ukasema Eva hana hatia, wataona marehemu amekuja kulazimishwa kusema. Nitakuwa mchawi mara mbili."

"Rudi hivyo hivyo basi. Darasa linakufa, dada. Nahitaji mtu wa kunifundisha kusimama."

"Nirudi hivi hivi, halafu mtoto mmoja ateguke kidole? Watakuja na petroli. Watoto wangu wanalala ndani humo." Akanielekeza mlango kwa kidevu. "Aseme mwenye ukoo wake, yule mama wa Ihanda. Asiposema, na mimi sisemi. Niliapa kama yeye."

Alinipa maharage kwenye kikapu. Nilipotoka jirani alikuwa amefungua dirisha tena, anahesabu kama natoka na miguu yangu yote miwili.

Huyo ndiye mtu anayebeba kile ulichokiepusha na nyumba yetu. Hakulalamika hata mara moja.

Mimi naendelea kusikia miguu. Sasa hata nikitembea peke yangu kwenda sokoni, nyuma yangu kuna mtu anatua kisigino kwanza. Nikisimama anasimama. Simwogopi, ni dada yangu. Lakini nimegundua kwamba na mimi nimeanza kushika ukuta.

Mtihani ni tarehe ishirini na sita Julai. Sasa nimenyamaza.

Aida


Ihanda,
29 Juni 2025

Aida,

Nakuja Jumamosi na Dennis. Usipike. Mwambie Eva awe uwanjani, mwambie ni mimi nimesema. Na akina mama wawepo.

Niliapa kwa mdomo. Miguu yangu sikuiapisha.

Leah


Tunduma,
Jumapili, 6 Julai 2025

Jua tangu asubuhi, baridi kavu. Hakuna upepo.

Mama mkubwa, shikamoo.

Natumaini mlifika salama na Dennis hakusimama Mlowo kupiga soga mpaka giza. Ulikataa chai yangu, ukakataa kulala, ukaondoka kabla vumbi halijatua. Dina anauliza bibi amekasirika? Nimemwambia hapana, bibi ana kahawa ya kuchuma.

Nakuandikia kwa sababu wewe ulifanya yote lakini hukusikia. Sasa nitakupa yale ya masikio.

Uliposhuka garini akina mama walikuwa wamekaa kwenye kile kituta, karibu wote, na Eva amesimama peke yake kwenye goli la mbali, mkoba kifuani kama mtu anayengoja basi. Tumpale alikuwa anasema, "Leo tutaambiwa. Mama mkubwa wao amekuja kumfukuza huyu." Mwingine akamjibu, "Bora, tupumue."

Wewe ukapita katikati yetu bila kusalimu. Uliposalimiwa na wazee hukuitika, wakasema, "Ana hasira." Ukaenda mpaka kwa Eva. Ukavua miwani yako ukaitia mfukoni. Ukafumba macho, ukanyoosha mkono hewani ukiupapasa hivi, mpaka ukalipata bega lake.

Hukumsikia Eva alivyosema. Alisema, "Mama, usifanye hivi." Alisema mara mbili. Wewe ukamsukuma bega kidogo kama mtu anayeswaga ng'ombe mpole, naye akaanza kutembea.

Mlizunguka mstari wote wa uwanja. Wewe unatua kisigino kwanza, unapapasa ardhi. Mama mkubwa, niliijua ile hatua. Nilikuwa nimeisikia tangu mwaka uanze.

Mlipofika kona ya kwanza Eva alikohoa mara moja, nawe ukageuka kulia. Sijui ulikisikiaje na masikio yako, labda ulikihisi begani. Kwenye kona ya pili akakohoa tena, ila hicho kilikuwa nusu kikohozi na nusu kilio.

Tumpale akasema, "Huyu bibi anaumwa?"

Mama wa sokoni, yule niliyemwomba radhi, akamwambia, "Nyamaza wewe. Ndivyo Nesta alivyokuwa akitembea na Dina. Mimi nilidhani ni mapenzi tu."

"Mapenzi gani?" Tumpale akauliza. Halafu akatazama upande wa barabara, kule malori yalikosimama. "Kwa hiyo siku ile..." Hakumaliza. Wewe na Eva mlikuwa mmefika ukingo ule wa barabara, mkasimama, na wewe bado umefumba macho. Mlisimama pale kwa muda ambao sikuupima. Lori moja liliwasha injini. Akina mama watatu walisimama kwa pamoja na mmoja akapiga yowe, "Mshike!" Hukusikia. Eva alikuwa amekushika.

Ndipo Dina alipokimbia. Ulihisi alipokukumbatia kiunoni, ukafumbua macho, ukampapasa kichwa. Hukusikia alichosema. Alisema, "Bibi, siku ile nilikuwa shule. Ningekuwepo ningempeleka."

Hilo ndilo swali ulilokuwa unaliogopa. Lilipokuja halikuwa swali, na halikuwa kwetu. Mtoto alikuwa anajiuliza mwenyewe, muda wote huu, na sisi tulikuwa tunamlinda asituulize sisi. Usiku nilikaa naye. Nilimwambia kwamba wakubwa walijua na hawakupanga zamu ya kumvusha mama yake, na kwamba kosa hilo si la mtoto wa darasa la tano. Nimelisema kwa niaba yangu. Lako utalisema mwenyewe akija likizo, kwa mdomo au kwa miguu, upendavyo. Anataka kuja kuchuma kahawa.

Ulipoondoka, akina mama hawakujua wafanye nini. Tumpale alimfuata Eva, nikadhani vita. Alisimama mbele yake, akatazama chini, akasema kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona, "Goti la Tusekile linakataa kukunjika. Wewe unajua kulichua?" Eva akamwambia, "Mlete kesho. Njoo na mafuta yako, ya mchawi yameisha." Tumpale alifunika uso kwa khanga. Sijui kama alicheka.

Wawili walibeba watoto wao wakaenda nyumbani bila kuaga. Na jirani wa Eva mwenye lile dirisha amelifunga tena. Sitaki nikudanganye kwamba yote yamekwisha.

Halafu Eva akaweka mkoba chini, akawaambia makocha watano, "Mnangoja nini? Geukeni."

Waligeuka. Mama mkubwa, ungeona aibu yao! Walikuwa wanawatazama watoto kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anaoga. Sekela alisema, "Kocha, nikiwatazama nasahau kusikiliza." Eva akamwambia, "Tazama kwanza. Masikio hayaendi popote." Akaanza kuwafundisha upya mahali pa kusimama: pembeni mwa mstari, uzito kwenye vidole, watoto wote ndani ya macho. Mambo ambayo yeye na Nesta walifundishwa na Mwalimu Andongwisye, wakati Nesta alikuwa bado anatazama mpaka anasahau kupepesa.

Mimi nilikuwa wa mwisho kugeuka.

Niliona vitu. Niliona kwamba mlinda goli wetu anatumia mkono wa kushoto. Niliona wa akiba katika nafasi ya Tusekile, naye Tusekile ameketi na fimbo yake, midomo inahesabu pasi za wenzake. Niliona nyuso. Kwa mwaka mzima nilikuwa nawafahamu kwa visigino.

Nikasikiliza. Saba.

Nikafumba macho makusudi. Saba. Nikageuza mgongo kidogo tu, kwa kuiba, kama mtu anayerudi mlangoni kumwita aliyeondoka. Saba, Mama mkubwa. Nilitembea kwenda nyumbani polepole nikasimama mara nyingi njiani. Aliyekuwa nyuma yangu hayupo. Kimoyomoyo nilikuwa nimeomba aende, na alipokwenda nililia barabarani mpaka dereva mmoja wa Zambia akateremsha kioo akaniuliza kwa heshima ya kwao, "Mukwai, umepotea?"

Leo asubuhi nimejaza jina langu kwenye fomu ya mtihani. Mwalimu ametaka majina mawili ya kiwanja chetu. Nimemwandikia la Eva kwanza, halafu Aida. Mtaani waendelee kuniita Nesta, na shanga nitavaa, na Dina ataniita mama. Lakini nikisimama pale uwanjani nitakuwa mimi.

Jana jioni, tulipokuwa tunakusanya mipira, Eva alikohoa mara moja. Huenda ni vumbi. Niligeuka kulia kabla sijafikiri, na sote wawili tukasimama tunatazama pale, hapakuwa na mtu.

Mwanao,
Aida

Jumatatu asubuhi. Dennis bado hajapita, bahasha iko wazi, naongeza mstari mmoja. Jua limetoka, baridi imepungua. Jana nililala saa tatu usiku.